Mtoto wa mmisionari atasoma wapi?

Barua ya kumtuma mchungaji ng'ambo huwa na mambo mengi: tarehe ya kuanza kazi, usharika atakaoutumikia, nyumba, bima ya afya, nauli ya kwenda na kurudi. Habari za watoto mara nyingi ni sentensi moja tu, kwamba atafuatana na familia yake. Sentensi hiyo ndiyo nzito kuliko zote. Muda wa mchungaji ukiisha, usharika utapata mwingine. Miaka ya shule ya mtoto ikishapita, imepita.

Kwenye kamati za misheni swali la shule huja likiwa limechelewa. Viza imetoka, ibada ya kuagana imeshapangwa, ndipo mtu anauliza, "Na watoto je?" Baba anajibu kwamba huko kuna shule nzuri, mama ananyamaza, kikao kinaendelea na ajenda nyingine. Nayaandika haya kwa ajili ya familia iliyoitwa na wazee wa kanisa wanaoituma, maana jambo hili lina mafundo mengi: lugha, mtaala, kalenda, vyeti, fedha, na moyo wa mtoto mwenyewe. La kufungua kwanza ni hili: mtoto huyu atafanyia wapi mtihani wake wa kumaliza shule, na kwa lugha gani? Likishajibiwa, hesabu nyingine zote zinapigwa kuanzia hapo kurudi nyuma. Lisipojibiwa, kila uamuzi utakuwa wa kubahatisha, hata shule iwe nzuri namna gani.

Waliotangulia

Sisi Wakristo wa Afrika Mashariki tulipokea wamisionari kabla ya kuanza kutuma, na watoto wao walibeba gharama ambayo haikutajwa sana mimbarani. Mwaka 1852 David Livingstone aliwapandisha melini mkewe Mary na watoto wao wanne huko Cape Town waende Uingereza, yeye akarudi bara. Maisha yao huko yalikuwa ya dhiki. Robert, kifungua mimba wao, alikua akimwona baba yake kwa nadra sana, akaishia kujiunga na jeshi nchini Marekani wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, tena kwa jina lisilo lake, akafa akiwa mfungwa wa vita mwaka 1864. Habari za Livingstone kukutana na Stanley pale Ujiji tumezisoma wote shuleni. Za Robert hatukufundishwa.

Mashirika ya misheni yaliliona tatizo, yakajenga mabweni. London ilikuwa na shule ya mabinti wa wamisionari tangu 1838 na ya wavulana tangu 1842. Kwenye hiyo ya wavulana ndiko alikoachwa Eric Liddell mwaka 1908, akiwa na miaka sita, yeye na kaka yake, wazazi wakarudi China. Huyu ndiye aliyekuja kushinda dhahabu ya mita 400 kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 1924, kisha akarudi China mwenyewe kuwa mmisionari. Wengine walifikiri afadhali bweni liwe karibu na kazi: mwaka 1881 Hudson Taylor, mmisionari Mwingereza, alianzisha shule huko Chefoo nchini China, mji unaoitwa leo Yantai, ili watoto wasivushwe bahari. Vita vilipokuja, Wajapani waliwafunga wanafunzi wa Chefoo pamoja na walimu wao, na wengi walikaa miaka bila kuwaona wazazi mpaka kambi ya Weihsien ilipokombolewa Agosti 1945. Liddell naye alikuwa mfungwa kambini humo, akiwafundisha watoto hao hesabu na michezo. Mkewe mjamzito na binti zao wawili alikuwa amewapeleka Kanada mwaka 1941. Alifariki kambini Februari 1945 bila kumtia machoni binti wa tatu.

Huku kwetu shule iliyojulikana zaidi ni ile ya Kijabe, Rift Valley Academy, iliyoanzishwa na Africa Inland Mission mwaka 1906. Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, aliweka jiwe la msingi la jengo lake kuu mwaka 1909. Wamenoni wa Musoma nao walikuwa na shule yao ndogo ya watoto wa wamisionari tangu 1947, ikahamia Nairobi miaka ishirini baadaye na kuwa Rosslyn Academy.

Kutengana na wazazi katika umri ule mdogo sikusifu. Lakini jambo moja wazee wale walilipatia: walipanga shule wakitazama mahali mtoto atakakomalizia. Walijua ataingia chuo Uingereza au Marekani, kwa hiyo vitabu, lugha na mitihani vilielekezwa huko hata kama dirisha la darasa lilitazama Bonde la Ufa. Sisi tunaotuma leo tunamweka mtoto katika shule yoyote iliyo karibu na nyumba ya mchungaji, na suala la kurudi tunalikuta siku ya kurudi.

Nyumbani nako hakukai palepale

Mzazi anayeondoka hudhani akirudi atazikuta shule kama alivyoziacha. Mkenya aliyetumwa mwaka 2016 aliacha mfumo wa 8-4-4. Mwaka uliofuata mtaala wa umilisi ukaanza kuingizwa, KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ikafanyika mara ya mwisho 2023, na leo watu wanazungumza habari za gredi na shule za sekondari pevu. Tanzania nayo, kwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 toleo la 2023, inapunguza elimu ya msingi kutoka miaka saba hadi sita, na kufanya miaka kumi ya shule kuwa ya lazima: sita ya msingi na minne ya sekondari. Sekondari imeongezewa mkondo wa amali. Aliyeondoka mwanawe akiwa darasa la pili akitegemea mtihani wa darasa la saba, inambidi apige hesabu upya.

Kwa hiyo familia iliyo nje inahitaji mtu nyumbani. Ndugu mwenye mapenzi mema hatoshi. Awe mwalimu, ikiwezekana wa shule ambayo mtoto anatarajiwa kurudi, anayejua mwaka huu kumebadilika nini na nani wa kuulizwa wilayani. Kabla ya kuondoka, mwambie mwalimu mkuu akupe namba ya PREM ya mtoto, ile anayotambulika nayo kwenye kumbukumbu za Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), pamoja na taarifa za maendeleo na barua ya uhamisho. Ziwekwe kwenye faili moja na cheti cha kuzaliwa cha RITA na kadi ya chanjo. Faili hilo lipande ndege kwenye mkoba wa mkononi.

Kalenda nayo ina mtego wake. Kwetu Tanzania mwaka wa shule unaanza Januari, isipokuwa kidato cha tano kinachoanza Julai. Ulaya na Kongo wanaanza Agosti au Septemba. Familia inayorudi Julai kutoka Ujerumani inamleta mtoto katikati ya mwaka, miezi michache kabla ya mitihani ya taifa. Tarehe ya mwisho wa mkataba inazungumzika, na miezi mitano huku au kule humwokolea mtoto mwaka mzima.

Mfano wa Ujerumani

Nauchukua huu kwa sababu ni njia ambayo wachungaji wengi wa KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, wameipita. Umoja wa misheni wenye makao yake Wuppertal, UEM, tangu 1996 si shirika la Wajerumani pekee tena. Makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani ni wanachama kwa usawa, na watumishi hutumwa kutoka kusini kwenda kaskazini pia. Dayosisi kadhaa zetu zimo humo. Kanisa la Bavaria na misheni ya Leipzig nao wana ushirika wao wa siku nyingi na dayosisi zetu.

Mchungaji akifika na watoto wa umri wa shule, sheria inamtaka awaandikishe. Kufundishia watoto nyumbani hakuruhusiwi Ujerumani. Familia moja ya Kikristo ilipeleka shauri mpaka Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikitaka kuwafundishia watoto wao nyumbani kwa sababu za imani, na mwaka 2006 mahakama haikukubali madai yao. Kwa upande mwingine, shule ya serikali haina ada, na kipindi cha dini ni somo la kawaida lililotajwa kwenye katiba yao, kwa hiyo mtoto atakaa darasani na mwalimu wa dini wa Kiinjili au wa Kikatoliki kwa ratiba ya shule yenyewe.

Ugumu uko kwenye umri wa miaka kumi. Kila jimbo linasimamia shule zake, na sehemu kubwa ya nchi watoto hugawanywa baada ya darasa la nne, Berlin na Brandenburg baada ya la sita. Wengine huenda Gymnasium, njia ya kwenda kwenye Abitur, cheti cha kuingilia chuo kikuu. Wengine huenda Realschule au Hauptschule, zinazoelekea zaidi kwenye mafunzo ya kazi. Sehemu nyingi ipo pia Gesamtschule, inayowaweka wote pamoja na kuchelewesha mgawanyo. Sasa fikiria binti aliyekuwa wa pili darasani kwake Moshi, anafika akiwa na miaka tisa na hajui neno la Kijerumani. Anapewa darasa la maandalizi la wageni kujifunza lugha, na kabla hajaanza kuota kwa lugha hiyo, mwalimu anatakiwa kuandika pendekezo la shule inayomfaa. Atapimwa kwa Kijerumani chake, na akili yake haitaonekana.

Hapa mzazi anayejua utaratibu ana nguvu. Nordrhein-Westfalen, jimbo lenye Wuppertal, pendekezo la mwalimu halimfungi mzazi, uamuzi ni wake. Bavaria mambo ni magumu zaidi: ili aingie Gymnasium moja kwa moja mtoto anahitaji wastani wa 2.33 au bora zaidi katika Kijerumani, hesabu na maarifa ya jamii na mazingira, huku alama ya 1 ikiwa ndiyo ya juu kabisa. Mchungaji anayeitwa Bavaria akiwa na mtoto wa miaka tisa angestahili kuambiwa hilo kabla ya kusaini. Mimi ningeshauri Gesamtschule kwa mtoto yeyote anayefika baada ya umri wa miaka minane, kwa kuwa mlango wa Abitur unabaki wazi wakati lugha inakomaa.

Na tafadhali tusiyadharau mafunzo ya kazi. Kijana hukaa sehemu ya wiki kiwandani, hospitalini au ofisini, sehemu nyingine darasani, na analipwa posho. Wazazi wetu wengi wakisikia habari hiyo huona mtoto ameanguka. Fundi umeme aliyefunzwa vile hajaanguka popote.

Majirani

Si kila anayetumwa anaenda Ulaya. Wapo walioko Msumbiji, ambako shule ni kwa Kireno. Wapo Chad, kwa Kifaransa na Kiarabu. Wapo Sudan Kusini, kwa Kiingereza. Mashariki mwa Kongo mtoto wa Kitanzania hupata nafuu mwanzoni, kwa kuwa Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa na hutumika madarasa ya chini, lakini sekondari na mtihani wa taifa ni kwa Kifaransa. Mtoto wa miaka sita akae shule ya mtaani, acheze, ajue lugha ya wenyeji. Hilo humfaa yeye na huipa familia nzima mizizi pale kijijini, maana mmisionari ambaye watoto wake hawachezi na wenyeji hubaki mgeni. Kwa mtoto wa miaka kumi na miwili, anayetarajiwa kurudi na kuingia kidato cha kwanza kinachofundishwa kwa Kiingereza, miaka minne ya Kireno kitupu inampeleka upande asikorudi.

Mahali pasipo na shule ya kutegemewa, baadhi huamua kufundisha wenyewe. Inawezekana kwa madarasa ya chini. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vyake vya kiada kwenye maktaba mtandao, mtu hupakua bure. KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya, nayo ina vya kwake. Ila lazima isemwe wazi nani anafundisha. Karibu kila mara ni mama, na mama huyo huyo ndiye kanisa linalomtegemea kwa umoja wa wanawake na shule ya Jumapili. Saa nne za darasa kila asubuhi ni kazi. Ziandikwe kwenye majukumu yake, na majukumu mengine yapunguzwe.

Kumwacha kwa bibi

Njia tuliyoizoea zaidi sisi ni kumwacha mtoto nyumbani, kwa bibi, kwa mama mdogo, kwa baba mkubwa, au bwenini na likizo kwa shangazi. Wageni huishangaa, lakini haifanani na alivyoachwa Eric Liddell. Mtoto anabaki ndani ya ukoo wake, anakula chakula kile kile, anasikia lugha yake, na binamu zake wapo uani. Kwa kijana aliye kidato cha tatu nadhani ndiyo njia bora mara nyingi. Kumhamisha wakati huo ni kumvuruga.

Inaharibika pale mambo yanapoachwa kwa kuelewana tu. Mtoto anaugua usiku, hospitali inataka mtu mwenye mamlaka ya kusaini, shangazi hana hata karatasi. Ada inatumwa kwa mjomba, mjomba naye ana wake. Bibi anaona haya kuomba fedha ya sabuni kwa mwanawe anayeitwa mmisionari wa Ulaya. Pawe na hati ya kiapo mbele ya wakili inayomtaja mlezi, fedha za ada ziende moja kwa moja shuleni, za matunzo ziende kwa mlezi kila mwezi kwa kiasi kilichokubaliwa, na mchungaji wa usharika wa nyumbani awe na wajibu ulioandikwa wa kumtembelea mtoto kila muhula. Tiketi ya mtoto kwenda kuwaona wazazi kila mwaka iwe kwenye bajeti tangu siku ya kwanza. Ikiachwa iwe "Mungu akijalia", haitanunuliwa.

Mtoto mwenyewe aulizwe. Mwenye miaka kumi na tatu ana la kusema, na akisikilizwa kabla ya uamuzi, hata usipofuata matakwa yake, huubeba tofauti na aliyeambiwa Jumamosi kwamba Jumatatu wanaondoka.

Kiswahili chake

Watoto waliokulia kati ya nchi ya wazazi na nchi ya ugenini wamechunguzwa tangu miaka ya 1950, Ruth Hill Useem, mwanasosholojia wa Marekani, alipowaita watoto wa utamaduni wa tatu baada ya kuwaona Wamarekani wanaoishi India. Kwa watoto wetu lililo la karibu zaidi ni lugha ya nyumbani.

Kuongea hakutoshi. Mtoto aliyejifunza kusoma kwa Kijerumani, ambako herufi j hutamkwa kama y yetu, humwandikia bibi "nimefanja kazi ja shule". Bibi atacheka na kuelewa. Msahihishaji wa mtihani hataelewa, na mtoto atakayerudi darasa la tano akiandika hivyo ataanza kuchekwa na wenzake siku ya kwanza. Dawa ni nusu saa ya kusoma na kuandika Kiswahili kila siku, kwa vitabu vya kiada vya darasa analolingana nalo, kwa miaka yote. Si wikiendi peke yake. Biblia ya Kiswahili mezani inafaa sana: mtoto asome fungu kwa sauti, kisha aandike mistari mitatu ya alichoelewa. Kwa Kenya ni hivyo hivyo, kwa kuwa Kiswahili ni somo linalopimwa huko pia.

Nani analipa

Kanisa linalomtuma baba limemtuma na mtoto. Nalisema hili bila kuzunguka kwa sababu nimeona bajeti zenye mafuta ya gari na karatasi za ofisi, zisizo na ada. Mshirika anayepokea hulipa mshahara kwa viwango vya kwake, na shule yake ni bure, kwa hiyo hajui kwamba kaka mkubwa yuko bweni Iringa. Dayosisi nayo hudhani mshirika analipa. Kwenye pengo hilo ndimo mtoto anamorudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Andikeni kwenye mkataba: ada ya kila mtoto aliye shule, mwalimu wa kumsaidia lugha mwaka wa kwanza wa kwenda na mwaka wa kwanza wa kurudi, na gharama za kulinganisha vyeti.

Vyeti vya nje vya sekondari hulinganishwa na NECTA kabla mtoto hajaomba nafasi ya kidato cha tano au chuo, iwe ni IGCSE ya Cambridge au cheti cha Ujerumani. Kaeni na nakala za kila taarifa ya mwaka, pamoja na tafsiri iliyothibitishwa kama si ya Kiingereza. Anayetaka kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, na hana matokeo ya kidato cha pili, atatakiwa kuanza na mtihani wa maarifa, ule wengi wanaouita QT. Hilo huongeza mwaka, na mwaka huo uhesabiwe mapema.

Hali ngumu kupita zote ni ya mkataba kuisha mtoto akiwa darasa la kumi na moja huko Ujerumani, bado mwaka mmoja au miwili afikie Abitur. Kibali chake cha kuishi kimefungwa kwa cha wazazi. Akirudi, hana Abitur ya huko wala cheti cha huku. Kwa hiyo familia yenye mtoto wa miaka kumi na mbili au zaidi wakati wa kuondoka iombe sharti la maandishi: ama muda uongezwe mpaka mtoto amalize, ama mshirika asaidie kupata familia ya usharika itakayomlea na kibali chake mwenyewe. Sharti hilo liombwe kabla ya kusaini, wakati dayosisi na mshirika wote wawili wanamhitaji mchungaji aende.